Sikio la Kushoto na Vyura wa Silanga

Jumapili, jioni. Gatina.

Mvua imekatika sasa hivi tu na mabati bado yanadondosha tone moja moja kwenye beseni la jirani. Leo nina furaha, na juu ya hiyo furaha kuna kitu kingine ambacho sijui nikiite nini. Mtu akikutana na jambo kubwa kuliko yeye, halafu arudi nyumbani apike chai kama kawaida, huo moyo unaitwaje? Basi niko hivyo. Chai yenyewe imepoa hapa mezani na sijaigusa.

Wacha nianze na sikio, kwa sababu najua kuna watu wanasoma hapa na hawanijui.

Mimi nauza earphones, chaja na kava za simu pale stendi ya Kawangware 46, kibanda cha mbao kilichobanana na cha Mama Ciku wa viazi karai. Sikio langu la kushoto linalia. Haliumi, linatoa tu mlio. Nyiii, mwembamba, kama TV ya zamani iliyoachwa imewashwa chumba cha pili. Ulianza kama kitu cha jioni, nikishafunga kazi. Baadaye ukawa unanisubiri asubuhi kabla hata sijavaa viatu. Wiki hii umehamia na upande wa kulia.

Hapo ndipo niliogopa.

Mtaniuliza nilifanya nini na masikio yangu. Nilikuwa kazini, bana. Pale 46 hakuna mtu ananunua earphone kwa imani. Feki zimejaa, unauziwa kitu kinang'aa, ukifika nyumbani kinaongea upande mmoja. Kwa hivyo tuna desturi yetu. Mteja anaweka upande mmoja sikioni mwake, muuzaji anaweka ule mwingine sikioni mwake, wimbo unapigwa. Waya ni mfupi, lazima msimame kichwa kwa kichwa. Halafu mnabadilishana pande, mnasikiliza tena. Muuzaji akikataa kuweka sikioni, mteja anaenda zake, anajua kuna kitu unaficha.

Na mimi naipenda hii desturi, siwezi danganya. Nimesikiliza injili na fundi wa mjengo aliyejaa simiti mpaka kope. Nimesikiliza ohangla na nesi aliyekuwa anakimbilia zamu, akatingisha bega kidogo akidhani sijaona. Watu wawili hawajuani hata jina, wameshikwa na waya mmoja, wanatikisa kichwa pamoja, halafu wanaanza kuvutana bei.

Shida ni volume. Nje boda boda wanapiga honi, kanisa la ghorofa ya juu wako mazoezini na spika zimeangalia barabara, Mama Ciku naye anaita wateja kwa hiyo sauti yake. Ukiweka wimbo chini kidogo mteja anakwambia hii haina bass. Basi tunaweka mpaka mwisho. Na mimi kila mara natumia sikio la kushoto, kwa sababu la kulia nililiacha lisikie bei. Nilijiona mjanja sana.

Jioni nikifika nyumbani na mlio wangu nilifanya akili nyingine. Nilivaa zile headphone kubwa, nikapandisha muziki juu ya mlio ili nisiusikie. Na ilifanya kazi kabisa, mpaka ukizivua. Ukizivua unakuta mlio umeongezeka. Kesho yake unaongeza muziki, nao unaongeza. Tumeshindana hivyo kwa muda mrefu na niseme ukweli, umenishinda.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Mimi si mtu wa kulialia, nimekaa na jirani anayefuga jogoo ndani ya nyumba. Kitu kilichonikosesha amani ni Mama.

Mama yangu anakaa Silanga, kule Kibera, na ana kashamba kake kando ya bwawa la Nairobi Dam. Analima sukuma, managu, na nduma pale chini kwenye majimaji. Mwaka jana alifanyiwa operesheni ya goita. Alipona vizuri, kovu lenyewe ni kama mkunjo wa kawaida wa shingo, lakini sauti yake ilitoka ndogo na haikurudi. Anaongea kama mtu ambaye mtoto amelala kwenye hicho chumba. Wateja wake wa mboga wameshazoea, wanainama. Na huyu ndiye mama aliyekuwa akisimama pale juu karibu na nguzo ya stima anaita jina langu nasikia nikiwa ng'ambo ile nyingine ya dam, na marafiki zangu wanasikia, na wanaanza kunicheka.

Sasa weka sauti ndogo hivyo juu ya sikio linalolia nyiii. Anapiga simu, nasikia kama mtu anakunja karatasi. Nikamwambia mara mbili tatu arudie, nikaona namchosha, koo lenyewe ndio hilo. Nikaanza kuitikia tu. Eeh Mama. Sawa Mama. Kweli kabisa Mama. Ananiambia nini, Mungu ndiye anajua.

Halafu siku hizi simu zake zikapungua. Nikajiambia ni kazi ya shamba.

Jumatano nilifunga kibanda mapema. Mama Ciku alikuwa ameniletea mafuta moto aliyokaangia kitunguu nitie sikioni, ati yalimsaidia shangazi yake. Nilimshukuru nikayaweka chini ya meza, nikaenda kliniki ndogo iliyo hapa Gatina. Daktari ni msichana wa rika langu, ana uso wa kuchoka na mikono taratibu sana. Akachukua kijiti chembamba chenye kamera mbele, kimeunganishwa na simu yake, akakiingiza polepole na kunipa simu nishike mwenyewe.

Jamani.

Nimeweka vitu kwenye hilo sikio maisha yangu yote na sikuwahi kujua kuna nini mle ndani. Nilidhani ni tundu tu. Kumbe kuna njia nyekundu-nyekundu, laini, halafu mwisho wake kuna ngozi nyembamba imetandazwa, inapitisha mwanga, kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Nyuma yake unaona kivuli cha mfupa mdogo. Daktari akasema kila kitu nilichowahi kusikia kilipita kwa kugusa hiyo ngozi. Nikafikiria sauti ya Mama akiniita kutoka kwenye ile nguzo ya stima. Iligusa hapo. Niliangalia simu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wake.

Nikamuuliza imepasuka wapi. Akasema haijapasuka popote, ni nzuri. Kilichoumia kiko ndani zaidi, mahali kamera haifiki. Kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo sauti huvipepea, na hivyo ndivyo vinapeleka habari kwa ubongo. Akanieleza kwa mfano wa nyasi. Ukizikanyaga mara moja zinainuka. Ukipita hapo hapo kila siku zinakuwa njia, na hizi za sikio zikishakuwa njia hazioti tena.

Nikauliza sasa huo mlio ni wa nini, kama nyasi zimeisha.

"Ni ubongo wako," akasema. "Unangoja sauti ambayo haiji tena. Kwa hivyo unaongeza volume yake wenyewe, unatafuta."

Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani nikiwa na hilo neno tu. Ina maana humu kichwani kuna mtu ameshika simu iliyokatika, anasema haloo, haloo, na hajachoka. Mimi nimekuwa nikimchukia huyo mtu. Nimemfunika na muziki ili anyamaze, na yeye kumbe ananitafutia kitu changu kilichopotea.

Dawa ya kuondoa mlio hakunipa, akasema asinidanganye na nisikubali mtu mwingine anidanganye. Akaniandikia niende kupimwa usikivu hospitali kubwa. Akasema headphones niziweke mbali, niache kujaribu earphones kwa sauti ya juu, mafuta ya Mama Ciku nisithubutu. Na nisijifungie kwenye kimya kabisa, kwa sababu kwenye kimya mlio unakuwa mfalme. Nitafute sauti ndogo, ya kawaida, ikae tu karibu nami.

Jana nilienda Silanga kumsaidia Mama kuvuna. Mvua ikanyesha jioni, njia ikawa tope tupu, nikalala kwake. Leo asubuhi, kabla hajajitayarisha kwenda kanisani, tukashuka shambani kukata mboga za wateja wake. Yeye akaenda chini kwenye nduma, mimi nikabaki juu na sukuma.

Hapo ndipo nilianza kuwasikia vyura.

Nimekulia hapo. Vyura wa dam nimewasikia toka utotoni, na kusikia kwenyewe ni kule kwa kutosikia, kama unavyosikia friji. Lakini leo, baada ya mvua, walikuwa wameamka wote. Wengine wanagonga kama vijiti, wengine wanavuta sauti ndefu, wengine wako mbali kabisa ng'ambo ile, na zote zinakuja juu ya maji kwa pamoja mpaka hewa yenyewe inatetemeka. Nikasimama na kisu mkononi. Kuna kitu kilikuwa kimebadilika na nikachukua muda kukijua.

Mlio haukuwepo.

Nikageuza kichwa kushoto, nikageuza kulia, nikauvizia. Hakuna. Vyura walikuwa wameujaza ule mwanya wote. Yule mtu wa haloo, haloo alikuwa amepata wa kuongea naye na ameweka simu chini. Sijui ni muda gani sijakaa bila mlio, na nilikuwa nimesahau kwamba ndani ya kichwa ni mahali pazuri hivyo. Machozi yalinitoka, mimi mtu mzima, katikati ya sukuma. Maji yale yale ambayo watu wanapita wakiziba pua, kumbe yamebeba viumbe wa kuweza kunifanyia hivyo, na hawanijui hata kidogo.

Halafu wakanyamaza.

Wote, mara moja, kama mtu amezima swichi. Sikuelewa mpaka nilipomwona Mama anapanda kutoka kwenye nduma na ndoo yake. Walikuwa wamehisi hatua zake kwenye tope. Mama ni mwepesi, anatembea kama anaogopa kuamsha udongo, na hata hivyo kila chura wa upande ule alimsikia kabla yangu. Nilishangaa. Mlio ukarudi, nyiii, mahali pake.

Na juu ya ule mlio, kwenye kile kimya kilichobaki, nikasikia, "Omondi."

Nilisikia. Sikukisia kwa kuangalia mdomo wake, alikuwa bado mbali na uso umeinama. Jina langu, kwa ile sauti yake mpya ndogo, lilikuja likaingia sikio la kulia likiwa zima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti hiyo vizuri toka operesheni. Kumbe si ya kuchoka. Ni laini tu, na ina mkwaruzo kidogo mwishoni kama kitambaa kipya.

Nikaitika. Akaniangalia, akaona macho yangu, akaweka ndoo chini.

"Wuoda," akasema, mwanangu kwa kwetu, "unalia nini?"

Nikamwambia. Kila kitu, waya, volume, kamera, nyasi. Nikamwambia kwamba simu zake zote za miezi hii nilikuwa naitikia tu bila kusikia. Halafu akasema kitu ambacho nimekibeba kutoka Silanga mpaka hapa na bado sijakitua.

"Nilijua unaniitikia tu. Nikadhani umechoka na hii sauti. Ndio nikaacha kukusumbua."

Yaani wakati mimi nadhani ni kazi ya shamba, mama yangu alikuwa ameketi Silanga na simu mkononi akinionea huruma, akiniepusha na sauti yake.

"Si sauti yako, Mama," nikasema. "Ni sikio langu."

Alichukua ndoo, mimi nikachukua mboga, tukaanza kupanda kwenda nyumbani. Alikuwa anatembea kushoto kwangu, kama kawaida yake. Tulipofika pale njia inapopanuka akasimama, akapita nyuma yangu, akaja upande wa kulia, akaendelea kuongea.

Alisimulia mpaka mlangoni. Mambo ya bei ya mbolea, mambo ya mwimbaji wa kwaya aliyegombana na mchungaji, mambo ya kunguru anayemwibia sabuni. Nilisikia karibu yote, na nisiposikia niliuliza, na yeye alirudia bila kununa. Nyuma yetu vyura walikuwa wameanza tena, mmoja kwanza, halafu wote.

Sasa niko hapa Gatina na mlio wangu. Haujapungua, tusidanganyane. Zile headphone kubwa nimezitia kwenye katoni juu ya kabati. Dirisha liko wazi nisikie maji yakidondoka. Kesho pale 46 mteja ataweka pande zote mbili yeye mwenyewe, mimi nitashika simu, na volume haitapita katikati. Wengine watadhani naficha kitu na wataenda kwa jirani. Nitawakosa, hasa ule wakati wa kutikisa kichwa pamoja. Mama Ciku naye itabidi nimweleze habari ya mafuta yake, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Lakini kabla ya kufungua kibanda nitampigia Mama. Nitamwacha aongee mpaka achoke yeye, na sitasema sawa hata mara moja kabla sijasikia.