Kuposwa kwa Sahihi Yangu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Siku ya kumi ya ndoa. Mume wangu! Nimeliandika neno hilo mara sita pembeni mwa gazeti, hadi chai ikapoa. Leonce aliondoka kwenda karakanani kwake kuchomelea mageti, akarudi kutoka njiani eti hakuniaga vizuri. Majirani waseme watakavyo.

Jioni tulikwenda Mjimwema, kwenye shamba alilorithi pamoja na kaka yake Remmy. Mahindi yameshavunwa. Akaokota bua, akanichorea nyumba yetu chini: sebule, jiko, chumba chetu. Dirisha linatazama milima ya Matogoro. Nikakaa chumbani kwetu, kwenye vumbi tupu, nikacheka mpaka machozi. Manispaa ikikubali shamba litoke kwenye kilimo liwe makazi, vitapatikana viwanja kumi na viwili. Sita vyetu. Cha kona tunajenga.

Jumatano, 4 Septemba

Fomu ya maombi ya shamba imerudishwa! Afisa ardhi kasema shamba ni la ndugu wawili wenye ndoa, kwa hiyo wake zao nao waweke sahihi ya ridhaa. Benigna, mke wa Remmy, ameshaweka. Nimebaki mimi. Mimi!

Naandika hapa nisisahau, ingawa sitasahau. Siku ya harusi wapishi walipungua. Benigna ndiye aliyesimamia chakula. Akamwinua mama yangu kwenye kiti cha mzazi, akamfunga aproni juu ya kitenge kipya, akamwambia asaidie kupakua, si ameshazoea. Kwa kuwa Mama ana kibanda cha chakula Mfaranyaki! Nami niko meza kuu na shela langu, namwona mama yangu anapita na sinia la pilau. Alipofika kwangu alitabasamu. Watu wakala. Na mimi nikala — hilo ndilo linaloniunguza.

Siweki sahihi.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimemwambia Leonce. Hakujua. Kasema hakumwona Mama na sinia, siku ile macho yake yalikuwa kwangu tu. Utamkasirikiaje mtu mwenye jibu kama hilo? Nikambusu. Lakini siweki. Akacheka, akadhani nadeka.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa Remmy alinifuata. Shemeji hivi, shemeji vile. Kamati ya mipango miji inakaa Jumatatu ya tarehe 16. Fomu ikikosekana, ni kusubiri kikao kingine, na hakuna anayejua lini. Benigna alisimama mbali anatazama kucha zake. Hata salamu hakunipa. Ahsante, Benigna, umeniongezea kuni.

Nikamjibu Remmy kwa adabu kwamba bado natafakari. Tamu! Tamu kuliko keki ya harusi.

Jumanne, 10 Septemba

Wametuma mshenga! Mzee Kajetani, yule yule aliyekuja kuniposa kwetu mwezi wa pili. Nikampa shikamoo kwa goti. Akakaa, akazungushazungusha kofia.

"Mwanangu, nilidhani kazi yangu imeisha siku ya pilau. Kumbe sahihi nayo inaposwa."

Nikamwambia posa haijibiwi siku hiyo hiyo. Akaenda, akarudi jioni. Ndipo nikampa mahari ya sahihi yangu: Benigna aende kibandani kwa Mama saa saba mchana, mabenchi yamejaa, avae aproni, apakue mpaka sufuria ziishe. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema ujumbe ataupeleka, ila jibu wasimtume yeye.

Leonce hakucheka. "Pamela, ile nyumba si ya Benigna."

Pamela! Tangu tufunge ndoa mimi ni ua lake. Akala, akaosha sahani yake mwenyewe. Nampenda mpaka kifua kinauma. Siweki.

Alhamisi, 12 Septemba

Benigna amekubali! Kesho! Nimenunua aproni mpya, nyeupe, ili kila tone la mchuzi lionekane. Mama hajui. Angejua angekataa.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika kwenye stoo nyuma ya kibanda, nimekalia gunia la mkaa.

Walikuja saa saba kamili: Remmy, Benigna, na Leonce wangu ameshika fomu. Mabenchi yote bodaboda tupu. Nikamkabidhi Benigna aproni. Akaivaa, mdomo ameukaza, vidole vinatafuta kamba. Raha niliyoipata Mungu anisamehe.

Mama akageuka kutoka jikoni. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akamfungua ile aproni kwa mkono wake, akafuta benchi, akamkalisha, akamletea ugali na samaki wa Nyasa, yule mkubwa kuliko wote.

"Kula, mwanangu. Kwangu mgeni hapakui."

Anamhudumia tena! Kwa tabasamu lile lile! Na Benigna akala. Akaomba na pilipili! Bodaboda mmoja akamwambia, "Polepole dada, samaki hakimbii," benchi zima likacheka, naye akacheka.

Mama akamuuliza Leonce hiyo karatasi ni ya nini. Leonce hajui kudanganya. Akamweleza yote, shamba, nyumba, kamati ya Jumatatu, sharti langu. Mama akafuta mikono, akanisogelea, akasema taratibu ili nisikie peke yangu:

"Mimi nilipakua kwa sababu wageni wa mwanangu walikuwa na njaa. Wewe uliona aibu kwa ajili ya nani?"

Nikakimbilia huku. Kwa ajili yake! Yake, si yangu! Nimeshaiandika mara mbili na bado naisikia vibaya. Na Benigna bado anatafuna, namsikia. Hajasema samahani hata moja.

Leonce yuko mlangoni. Haniiti ua, haniiti Pamela. Anaomba kalamu. Anasema wametafuta kibanda kizima, hakuna nyingine ila hii ninayoandi—