Mashine Nyekundu ya Baba

Jumamosi, 1 Novemba 1997
Uji, dawa, kumgeuza Baba, chai bila sukari kwa kijiko. Kisha ofisini Al Khuwair, nimechelewa tena. Mwezi wa nane tangu kiharusi kimwangushe. Hasemi, hatikisi kichwa, anatazama ukuta. Jioni kaka Nasser alikuja kutoka Al Amerat. Ijumaa ni nikaha yangu na Khalfan, na Nasser ndiye atakayeniozesha, maana walii, mwenye haki ya kumwozesha binti, lazima awe na akili zake. Tuliyasema hayo pale pale kitandani kwa Baba. Nina miaka thelathini na sita. Sikubisha.

Jumapili, 2 Novemba
Nimepanga kabati. Nimekuta kompyuta ya kuchezea aliyotufundishia hesabu tulipokuwa wadogo. Plastiki nyekundu, haina umeme wala betri. Waya, vijibomba, na vibao vitatu vinavyoteleza, kila kimoja kinaonyesha 0 au 1. Kwa tarakimu hizo mbili tu tulihesabu mpaka saba: kibao cha juu ni nne, cha kati mbili, cha chini moja, unajumlisha vilivyo kwenye 1. Baba mwalimu hakujua kupumzika. Nimeifuta vumbi, nikaiweka mapajani mwake, nikaenda jikoni. Niliporudi ilionyesha 101. Tano. Labda mkono wake wa kushoto umeigonga.

Jumatatu, 3 Novemba
Nilimwambia kwa mzaha anionyeshe tatu. Kidole chake cha shahada kikasogea, taratibu mno. 011. Nikasema sita. 110. Nikakaa sakafuni.

Yumo. Muda wote huu yumo, anasikia. Nami nimesema mbele yake, si mara moja, kwamba Mungu amchukue apumzike. Naona haya.

Jumanne, 4 Novemba
Sijamwambia mtu. Niandike kweli: naogopa. Kama Baba ana akili zake, walii ni yeye. Na Baba alimkataa Khalfan miaka sita iliyopita, kwa kuwa hakuwa na kazi ya maana. Sasa ana duka la kutengeneza redio huko Ruwi, lakini hapana ya Baba ni hapana. Nikinyamaza mpaka Ijumaa, naolewa. Mashine nimeirudisha kabatini. Mimi mtu mbaya.

Jumatano, 5 Novemba
Sikuweza. Nimeitoa kabla ya kwenda kazini. Kibao cha juu: moja ndiyo, sifuri hapana. Nikauliza: Baba, Ijumaa Nasser aniozeshe kwa Khalfan, umeridhia? 0. Nikauliza tena. 0, wala hakusita. Nimelia garini njia nzima.

Alhamisi, 6 Novemba
Nilimwita Nasser aone mwenyewe. Alicheka. "We Zuwena, nnajua unampenda Baba, lakini hiyo bahati tu." Nikamwambia ataje namba. Akataja nne. 100. Kaka yangu akaisogelea mashine, hakucheka tena.

Nilikuwa nimeshika simu kumpigia Khalfan kwamba basi tena. Hapo nikakumbuka. Tukiwa wadogo, mashine ikitoa jibu la ajabu, Baba alisema, "Haijakosea hiyo, mwanangu. Umeuliza mawili kwa mpigo." Nikaweka simu chini. Nikauliza moja moja.

Khalfan, umemridhia? 1.
Nasser aniozeshe? 0.
Uniozeshe wewe? 1.

Nasser akatoka kwenda ukumbini. Nilimsikia akipenga kamasi. Mimi nikashika simu tena. Shekhe wa msikiti wetu amejibu kwa simu: asiyeweza kusema, ishara yake ikieleweka, yatosha. Ila anataka kuiona kwa macho yake.

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya alasiri. Baba kavaa kanzu nyeupe na kofia, mito kila upande. Nilichungulia mlangoni na wanawake. Shekhe alimjaribu kwa namba tatu, kisha akamuuliza kama ananiozesha kwa Khalfan. Kidole kikasukuma kibao, kikabaki hapo hapo, kwenye 1, mpaka shekhe mwenyewe alipomwondolea mkono. Nimeolewa. Baba yangu kaniozesha.

Jumamosi, 8 Novemba
Khalfan kahamia kwetu, kama tulivyokubaliana. Bado amelala. Uji, dawa, kumgeuza Baba. Kabla ya kumpa chai nimemuuliza kama nitie sukari. 1. Miezi minane nilimpa bila sukari. Si daktari aliyesema, niliamua mimi. Nimetia vijiko viwili.