Fahali wa Ukuta Mmoja

Mjukuu wangu Kendi,

Kwa heshima zote natangaza kwamba paka amezaa ndani ya kofia yangu ya kanisani, na nyanya yako ameamua Jumapili nitaenda kichwa wazi. Sisi wengine tu wazima.

Umeniuliza, ukiwa huko mtaa wa Dallas, mjini Embu, kama ni kukosa adabu kumwandikisha rafiki mkataba kabla ya kumchorea nembo ya duka lake.

Nilipokuwa kijana mchoraji wa kuta, rafiki yangu Mutwiri, mwenye bucha pale Kiirua, aliniletea fungu la miraa ili nimchoree fahali ukutani, kama ilivyo desturi yetu ya kukubaliana. Tukatafuna mbele ya wazee. Kisha nikaomba tuandike: fahali huyu ni wa ukuta huu, akitakiwa kwenye ukuta mwingine, nitamchora mimi.

Wazee wakanicheka. "Kijana, kwani miraa haitoshi?" Mutwiri akatia sahihi huku akicheka pia.

Alipofungua bucha ya pili Laare, akamwita mchoraji mwingine amwige fahali wangu. Nikampeleka Mutwiri kwa wazee walewale.

"Tulikubaliana kwa miraa! Fahali ni wangu!" akafoka.

"Miraa uliitafuna, Mutwiri. Karatasi hii bado haijatafunwa," nikamjibu.

Wazee wakaisoma, wakacheka tena, safari hii wakimtazama yeye. Nikapanda ngazi kule Laare kama mfalme, Mutwiri mwenyewe akiishikilia. Urafiki haukufa.

Kwa hivyo andikeni, Kendi, mkiwa bado mnacheka.

Watu wa Laare walidhani nimechora mbuzi.

Babu yako