Gari Lile Halikuwa Zima

Mpendwa mwanangu Marwa,

Nilikuhukumu mbele ya watu, kwa hiyo barua hii siifungi. Shangazi yako atavuka nayo Sirari akuletee huko Kenya uliko, na nakala yake nimeibandika kwenye mlango wa gereji hapa Bomani. Anayetaka kusoma na asome.

Nakukumbuka ukiwa na miaka saba, umelala chini ya pikapu yetu ileile ya kijivu, miguu tu inaonekana, unauliza kila kitu kinaitwaje. Nilikufundisha kwamba fundi huanza na masikio. Mteja akisema gari linaruka, usikimbilie spana. Muulize linaruka wapi, alikuwa amebeba nini, na lilianzaje. Uliyashika maswali hayo matatu hata mama yako akisema kichwa kinamuuma unamuuliza hayohayo, naye anacheka.

Kisha ikaja siku ya mnada wa Nyambureti. Mimi nilikuwa nimetangulia, wewe ukaja nyuma na magunia kumi ya ulezi. Kwenye kile kilima cha kuingilia mnadani pikapu ikakosa pumzi, ukaongeza mafuta, ikaruka ikaingia katikati ya ng'ombe. Mafahali wawili walikufa. Mzee Wambura, mwenye ng'ombe, akavunjika mguu. Nilipofika walikuwa wameshakuburuta chini, sikio linatoka damu, fimbo ziko juu. Mzee yule, amelala pale pale na mguu wake, akawazuia. Alisema baba wa kijana ni fundi, aliangalie gari kwanza. Watu wote wakanipisha nilifikie gari.

"Tata, limeruka lenyewe," uliniambia.

Gari lilikuwa limesimama tambarare, magunia yamemwagika. Nikafungua boneti, nikaliwasha, nikakanyaga mafuta mara tatu, likanguruma bila kumisi hata kidogo. Nikafunga boneti.

"Gari ni zima," nikasema. "Mbovu ni huyu."

Nikachomoa mkanda wa feni wa akiba uliokuwa nyuma ya kiti nikakupiga nao. Nilikupiga mgongoni na usoni, nikaendelea hata ulipoacha kujikinga. Jicho lako la kushoto likaziba. Wenye fimbo wakaridhika, wakazishusha.

Mpaka leo wananisifu kwamba nilikupiga mimi ili wao wasikuue. Miaka minne tangu uondoke nimeitikia sifa hiyo. Ni uongo, Marwa. Sikuwa nakuokoa. Nilikuwa na aibu ya fundi ambaye mwanawe ameua ng'ombe wa watu, na nilitaka uumie.

Wiki iliyopita mama yako alitaka kupeleka ulezi mnadani, akakataa gari jingine lolote. Akapakia magunia kumi kwenye pikapu ileile, ambayo haikuwa imebeba mzigo tangu siku ile, nikaendesha mimi. Kwenye kilima kilekile pikapu ikakosa pumzi. Nikaongeza mafuta, haikuitika. Nikaongeza tena, ikaruka kama fahali aliyekata kamba, ikatutupa mtaroni. Paji langu la uso likapasuka kwenye usukani.

Damu inanitoka, nikafungua boneti. Nikamwambia mama yako, ambaye wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha, aweke gia, avute breki ya mkono kwa nguvu zote na aongeze mafuta huku akiachia klachi taratibu. Injini ikainuka upande mmoja, maana mpira unaoishikilia ulikuwa umekatika. Ilipoinuka ikavuta bomba la hewa, na upande wa chini, usioonekana mpaka uiname, ufa ukafunguka. Injini ikakohoa. Alipoachia mafuta, injini ikalala na ufa ukajifunga. Bila mzigo, bila mlima, gari lile lingeweza kunidanganya miaka mia.

Mama yako alizima, akashuka, nikamfunulia ule ufa kwa kidole. Kisha akanizaba kofi palepale penye jeraha.

"Mtoto alikuambia," akasema, akaondoka kwa miguu.

Nilichukua nyundo nikaipiga pikapu ile mpaka mkono ukakataa. Vioo vyote, taa zote. Haikunisaidia kitu, nayo haikuwa na kosa. Kisha nikapanda mnadani na damu yangu usoni, nikasimama palepale nilipokupigia, nikawaambia kwamba aliyekosea ni fundi. Mzee Wambura alikuja na mkongojo wake kunisikiliza. Aliniuliza kama nimeshakuambia wewe. Nikasema bado. Akanigeuzia mgongo.

Sina haki ya kukuambia urudi. Sijui hata kama jicho lile linaona. Lakini kila mgeni anayeingia kwenye gereji yangu, hata mlevi, namuuliza maswali matatu kabla sijagusa gari lake. Wewe, niliyekuzaa, sikukuuliza hata moja. Nakuuliza leo, na safari hii nitanyamaza mpaka umalize.

Marwa, liliruka wapi? Ulikuwa umebeba nini? Lilianzaje, mwanangu?

Ni mimi Tata, niliyeshika mkanda.