Pumziko la mstari wa tatu

Jumanne, jioni. Mwankoko.

Ting. Mlio mmoja tu wa kengele ndogo ya mezani, ile ya kugonga kwa kiganja. Niliigonga mimi, Jumapili, na maana yake ilikuwa "umekosa". Leo ni siku ya tatu na bado naisikia.

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Naandika hapa kwa sababu hapa ndipo nilipolieneza kosa.

Wanaosoma blogu hii wananijua kwa vitu vidogo vya muziki: mtunzi aliyeendelea kutunga baada ya kuwa kiziwi, mpiga piano aliyesafiri na kiti chake mwenyewe, wimbo wa ulevini ulioishia kanisani. Kwa sababu hiyo kamati ya kwaya iliniomba nitunge maswali ya chemsha bongo ya Jumapili hiyo, siku kwaya za mjini zilipokutana na za Iramba.

Swali la tisa lilikuwa rahisi. Nani alitunga wimbo tunaoingizia mavuno kanisani? Huku kwetu kila kwaya inauimba, hata wasiosali nasi wanao kwenye simu. Jibu kwenye karatasi yangu: Mwalimu Eliya, mwalimu wetu wa kwaya, aliyenifundisha kinanda tangu nikiwa darasa la tano.

Katika timu ya Kinampanda, bibi mmoja akanyoosha mkono. Anaitwa Bibi Raheli.

"Huo ni wa kwangu," alisema.

Nikagonga kengele.

Ukumbi ukacheka. Kijana mmoja wa besi akapaza sauti, "Bibi, basi na kinanda ulikichonga wewe!"

"Kinanda sikukichonga, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa na kinu."

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka.

Baadaye nilimfuata nje kumwamkia. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kuomba radhi, lakini nilikwenda kumpima.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe si ndiye wa kengele?"

Nilimuuliza kuhusu mstari wa tatu. Pale katikati wimbo unanyamaza mapigo mawili, bila sababu yoyote inayoonekana, halafu unaendelea. Niliwahi kuandika makala ndefu hapa kuhusu pumziko hilo. Nikalifananisha na ukimya wa watunzi wakubwa wa Ulaya, nikasema Mwalimu ameweka hapo pumzi ya sala. Makala ile ilisomwa kuliko zote.

Bibi Raheli aliniangalia mikono kwanza, kisha uso.

"We mtoto, hujawahi kutwanga?"

"Kidogo, Bibi."

"Hujatwanga. Mnakuwa wawili, kinu kimoja, uwele. Wimbo ndio unaoshika zamu. Pale mnaponyamaza, michi yote iko juu, mmoja anaingiza mkono kugeuza uwele. Ukiimba pale, unamponda mwenzio." Akakunja kiganja kama anayechota kitu, akakitoa haraka. "Nimetwanga na dada yangu mpaka tukaolewa. Vidole vyake kumi, alizikwa navyo vyote."



Sasa niungame. Nilipomaliza kidato cha sita, Mwalimu alinipa nota zake nizichape kwenye kompyuta. Ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Sehemu ya juu kulia, panapoandikwa jina la mtunzi, ilikuwa imekatwa na mashine ya kutolea kopi. Mwandiko ulikuwa wake, basi nikajaza jina lake. Sikuuliza. Alipoiona karatasi, aliitazama kwa muda, akasema, "Safi sana, binti yangu." Kutoka karatasi hiyo zikatoka nyingine zote, ikatoka na makala yangu, na sasa kinakuja kitabu cha nyimbo chenye picha yake.

Yaani nilikosea mwenyewe, nikatunga swali kutokana na kosa langu, kisha nikamgongea kengele mwenye wimbo.

Jana nilimpigia Mwalimu. Baada ya salamu nikamuuliza wimbo ule aliutoa wapi. Nikasikia kuku wake wakigombana uani.

"Kinampanda. Nilikuwa mwalimu kijana. Kinamama walikuwa wanatwanga."

"Kwenye nota, pale juu, uliandika jina la nani?"

"Raheli."

Alilitaja papo hapo, wala hakulitafuta. Nadhani nisingeumia hivi kama angekuwa amelisahau.

"Lakini nota niliandika mimi, binti. Bila mimi ungebaki kwenye kinu."

"Ni kweli, Mwalimu. Basi tuandike yote mawili."

"Baada ya watu kunipigia makofi miaka yote hii? Unataka kunivua nguo ukumbini?" Sauti yake ilishuka. "Ukibadilisha, huo ufunguo ulio nao wa chumba cha kinanda umrudishie katibu wa kwaya. Sitaweza kukutazama."

Nyumbani sina kinanda. Sina pengine pa kwenda kupiga. Na huyu ndiye aliyenishika vidole kimoja kimoja, jioni baada ya jioni, hadi vikajua njia vyenyewe. Jana yote nilitafuta namna ya heshima ya kunyamaza. Ninazijua nyingi. Nimelelewa nazo.

Je, ningemkosea adabu yeye, au nimeshamkosea yule bibi mbele ya ukumbi mzima na nimebaki kuchagua tu nani aendelee kuumia?

Sikupata jibu zuri. Nilipata lililobaki.

Leo saa sita mchana nimeiandika upya ile makala. Saa nane nimetuma nota mpya kwa kwaya zote na kwa wanaoandaa kitabu. Mtunzi: Raheli wa Kinampanda. Mwandishi wa nota: Mwalimu Eliya. Aliyekosea jina: mimi.

Kisha nikajitanda kanga, nikatembea na upepo huo hadi kwa katibu, nikamkabidhi ufunguo. Akaniuliza kama nasafiri.

Nikamwambia hapana.