Nyuzi za Ngoma ya Baba Yako

Mpwa wangu Zuhura,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Wako waliomaliza vyuo na barua hawajui waianzie wapi. Mimi darasa la tano nililiacha kwa hiari yangu, na mwalimu akalia. Natumai huko Maskati u mzima. Sisi hapa Michenzani wazima, na ngazi za ghorofa ni zile zile.

Ulisema kwenye simu kwamba Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, unakuja nyumbani, na kwamba kabla hujavua buibui unataka uisikie ngoma ya baba yako. Nikakujibu ngoma nzima, inang'aa kama siku aliyoiacha. Kung'aa, inang'aa. Hilo la uzima ndilo lililonikalisha na kalamu.

Unaikumbuka. Ile ngoma ndogo ya beni, pipa la shaba, ngozi juu na ngozi chini, na chini kabisa zile nyuzi za chuma zilizosokotwa, ambazo ndizo zinazoifanya ilie chraa badala ya du. Kila Ijumaa baada ya chakula baba yako alitandika mkeka, akaifungua kiungo kwa kiungo. Wewe ulishika kopo la skurubu, mimi nikashika mazungumzo. Ngozi aliifuta kwa kitambaa kikavu. Kila skurubu aliitia tone moja la mafuta ya cherehani. Nyuzi alizipitishia mswaki mkavu, basi. "Nyuzi haziogeshwi," alikuwa akisema. "Zinafutwa."

Wapiga ngoma wote duniani, kazi ikisha, huzilegeza zile nyuzi ngoma ilale kimya. Baba yako akiwa kwenye beni naye alizilegeza. Nyumbani, hata kidogo. Alizikaza, akaiweka ngoma juu ya kabati, nyuma ya kiti changu. Nawe unajua kwa nini. Nyuzi zikikaza, sauti yoyote kubwa chumbani huziamsha. Na mimi hadithi ikifika patamu, sauti hunipanda.

Kama siku ile nilipohadithia ya Kizimkazi. Unaijua, lakini nairudia kwa sababu ni ya kweli. Tulikwenda kupiga harusini, nikakaa ufukweni naijaribu ngoma. Nikaupiga mrindimo mmoja tu, pomboo wakatoka majini. Kumi na wawili. Wakasimama kwa mikia, safu mbili kama askari wa gwaride, na yule mkubwa akageuza shingo kulia. Nilipofika hapo, nikasikia juu ya kabati: chrrr.

"Shemeji," akasema baba yako, hata macho hakuyainua kwenye sahani, "mwenzako kakataa."

"Kakataa nini? Nliwahesabu mimi!"

Chrrr.

"Punguza pomboo, shemeji."

"Haya, wanane."

Mamaako akakimbilia jikoni kucheka. Na wewe ukaniuliza, "Mjomba, pomboo ana shingo?" Siku ile sikukujibu. Leo nakujibu: yule alikuwa nayo.

Baba yako alipofariki, na wewe unasafiri, ulinipa ngoma ukaniambia, "Mjomba, nitunzie." Nikasema naam. Nami nimeitunza. Pipa nilikuwa nikilisugua kwa ukwaju na chumvi kama sinia la shaba, mpaka wanawake wa jirani wakaja kujifungia mitandio mbele yake. Watu wakasifu. Sifa zikanipanda kichwani. Siku moja nikaona kwenye nyuzi vidoa vya kutu, maana hewa ya bahari haimstahi hata marehemu. Nikasema, kilichoweza shaba kitashindwa na chuma? Nikazifungua nyuzi, nikazitia kwenye bakuli la ukwaju, nikashuka barazani mara moja kunywa kahawa. Barazani palikuwa na wasikilizaji.

Nilizikumbuka siku ya tatu. Nilipozinyanyua zikakatika mkononi kama tambi.

Ndizo zile alizozifunga baba yako kwa mkono wake. Vipande nimevikunja kwenye kitambaa, vimo katika kopo lile lile la skurubu.

Hayo ni ya mwaka jana. Tangu hapo kila ukipiga simu nakwambia ngoma nzima. Wala haikuwa kazi ngumu. Nilikaa kwenye kiti kile kile, nikakudanganya kwa sauti kubwa, na nyuma yangu kimya. Katika nyumba hii sikuwahi kuhadithia bila ya kukatizwa. Sasa nikahadithia miezi na miezi, hakuna wa kunikatiza. Hadithi hazikunoga.

Juzi mwenzetu mmoja wa beni kaniletea nyuzi mpya kutoka Dar. Nimezifunga kavu, tone la maji halikuzigusa. Skurubu moja huku, ya pili upande unaoielekea, kama alivyokuwa akifanya, mpaka ngozi ikakaza sawasawa. Nimepiga. Inalia, lakini si kilio kile. Hiki kikali zaidi, kama cha mgeni. Utakijua ungali kwenye ngazi, maana sikio lako ni la baba yako, na mimi sitaki jambo hili ulijue kwanza hapo. Ukikasirika ni haki yako. Ukitaka kuichukua uende nayo Maskati, ichukue. Usiioshe tu.

Wasalimie ulio nao huko, na ukija njoo na pumzi za kupandia ngazi.

Nyuzi nimeziacha zimekaza, na ngoma iko juu ya kabati. Barua hii, kabla ya kuitia kwenye bahasha, nimeisoma yote kwa sauti, nikiwa nimeipa ngoma mgongo. La mwalimu kulia imeliacha lipite. Imelia mara moja tu, pale kwenye pomboo.

Sikuwafuta.

Mimi mjomba wako