Samaki wa Chini ya Barafu na Msumari Wangu

Kwako Baba, huko Rusinga,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe pamoja na Mama. Goti lako linasemaje siku hizi? Na yale magugu ya maji, bado yamefunga ufuo wetu, au upepo umeyasukuma upande wa Mbita? Mimi ni mzima, ila pua tu ndiyo imechubuka kwa baridi. Nimeandika Kiswahili makusudi ili Mama asikie kila neno mwenyewe. Najua miaka yote hii tangu umtoe kwao Migori, bado anadai Kijaluo chako kina kasi mno.

Baba, keti vizuri. Nimevua samaki.

Najua kaka yangu Ochieng' ameshaanza kucheka hapo alipo. Nilipomwandikia kwamba hapa Kanada ziwa hugeuka barafu na watu huvua wakiwa wamesimama juu yake, alinijibu: "Sista, hao wazungu wanakucheza. Maji ikishikana hivyo, samaki itapumua wapi?" Basi mwambie anapumua vizuri sana, na ana nguvu za ajabu.

Unakumbuka ule ukuta wa stoo wenye misumari mitatu? Kila kaka yangu alipoleta samaki wake wa kwanza, ulimgongea msumari wa kutundikia kamba yake. Mimi nilikuwa naitazama misumari hiyo kila nilipotumwa kuchukua mahindi. Siku niliyokuomba unipeleke ziwani, ulisema mbele ya wote, "Nyathina, mwanangu, mwanamke hapandi boti ya kuvua. Ukipanda, samaki yote itahama iende Uganda." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini niliumia, Baba. Niliumia mpaka juzi.

Anayenifundisha ni jirani yangu Greta, mjane ambaye tunafua naye mashuka ya hospitali. Alinikataza katakata nisikanyage ziwa kabla hajanivalisha. Suruali tatu, soksi za sufu juu ya soksi, na viatu vipana vyenye meno ya chuma chini ili nisiteleze. Gambuti zangu nilizokuwa naringa nazo alizitupa nyuma ya mlango. Alisema zingenigandisha vidole. Shingoni akanivika misumari miwili mikali yenye vipini vya mbao, imeunganishwa kwa kamba.

"Hirizi hii ni ya nini?" nikamuuliza.

Akasema barafu ikivunjika ukatumbukia, unaikita ukingoni na kujivuta utoke majini. Nilitaka kurudi nyumbani saa hiyo hiyo.

Tulivuta vitu vyetu kwa kigari kisicho na magurudumu. Greta alitangulia na mtaimbo, anagonga barafu kila baada ya hatua chache na kusikiliza. Mimi nyuma nilikuwa nasali sala zote za Mama. Alipotosheka kwamba barafu ni nene, akanipa keekee kubwa ya kutobolea barafu, inayonifika kifuani, nikaizungusha mpaka jasho likanitoka katika baridi ile. Maji yakapanda, meusi, nasi tukachota vipande vya barafu kwa kijiko kikubwa chenye matundu. Shimo lenyewe, Baba, sufuria yetu ya chai ingeliziba. Ndoo tuliigeuza ikawa kiti. Fimbo ya kuvulia ni fupi kama ufagio wa jikoni, maana samaki yuko miguuni pako.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipokuwa nafunga kamba, ndoana niliibana kwa midomo, kama ufanyavyo wewe mikono yote ikiwa kazini. Ikaganda! Nikivuta, inakuja na mdomo. Greta alinimwagia chai ya vuguvugu kutoka kwenye chupa, huku anacheka mpaka anashika magoti. Kidonda bado kipo, na kila anayeuliza namhadithia.

Tukakaa. Hakuna kitu. Greta akaanza kufungasha, mimi nikakataa kuinuka. Nilikuwa nauwaza ule ukuta. Halafu kamba ikaenda.

Baba, ilienda! Fimbo niliitupa, nikashika kamba kwa mikono, namwachia akitaka, namrudisha akichoka, jinsi nilivyokuona ukimfanyia mbuta nikiwa nimesimama ufuoni. Kichwa kikakwama chini ya shimo. Nikavua koti, nikalala kifudifudi, nikazamisha mkono mpaka kwapani, nikampenyezea vidole mashavuni na kumtoa. Mrefu kuliko mkono wangu, na mdomo umejaa meno! Nilipiga vigelegele mpaka wanaume wakatoka kwenye vibanda vyao vya turubai kuona nani anaolewa. Walikuwa hawajapata hata mmoja. Nilimbeba nikawapitia mbele polepole.

Nilimpika kwa nyanya na vitunguu. Greta alilamba vidole, ingawa ugali ulimshinda kuumega.

Sasa tuzungumze mimi na wewe. Sikuvunja mwiko wako. Sikupanda boti, sikugusa kasia, na samaki hawakuhamia Uganda. Nilitembea kwa miguu yangu mpaka katikati ya ziwa, nikavua.

Nisalimie Mama na kaka zangu wote. Ochieng', kitinda mimba wetu, msalimie mara mbili kwa kunicheka. Dada Adhiambo anayelima miwa kule Awendo, na shangazi muuza vitambaa wa Ndhiwa, wasikie habari hii kutoka kinywani mwako, si mwa mtu mwingine.

Ndani ya bahasha kuna kamba niliyovulia, na ndoana yake nimeichoma kwenye kizibo isikudunge. Nyundo Mama anajua ilipo. Gonga msumari wa nne, Baba, na usiuweke chini kwa vile mimi ni msichana. Uwe juu ya ule wa Ochieng', maana samaki wake wa kwanza, sote tunakumbuka, alitosha mfukoni.

Ni mimi binti yako, mvuvi,
Atieno